Kabla hujalisifia tabaka lako jipya

Juzi, kwenye maabara yetu ya taa za nukta kwantamu (chembe ndogo mno zinazotoa mwanga), nimemkuta mdogo wetu mmoja mbele ya kipima mwanga, anatetemeka kwa furaha. "Dada, Ijumaa EQE ilikuwa 9, leo 13! Tabaka langu limekubali!" (EQE ni idadi ya chembe za mwanga zinazotoka nje kwa kila elektroni mia zinazoingia kwenye taa.) Nikavuta kiti. Wadogo zangu, nawapenda, lakini hili mtaniua nalo.

1. Ulinganisho. Nami niliwahi kuweka molekuli mpya kati ya tabaka la nukta kwantamu na la oksidi ya zinki, linaloleta elektroni. Wazo halikuwa baya: mwaka 2014 watafiti wa China waliweka tabaka jembamba la PMMA, plastiki isiyopitisha umeme, hapohapo kupunguza kasi ya elektroni, wakapata T50, yaani muda wa mng'ao kushuka hadi nusu, ya zaidi ya saa 100,000 kwa mng'ao wa kuanzia wa kandela 100 kwa mita ya mraba. Tatizo lilikuwa kalenda yangu. Taa za ulinganisho, zisizo na molekuli, nilizipima siku ileile ya kuzifunga kwa gundi inayogandishwa na mwanga wa UV. Zenye molekuli nikazifunga Alhamisi, nikazipima Jumatatu. EQE zake zilipanda vizuri mno. Nikaonyesha mchoro kikaoni, mwalimu akafurahi, mwenzangu akakabidhiwa kazi ya kuendeleza. Miezi mitatu alishinda na mikono ndani ya glavu za boksi la naitrojeni, asipate kitu. Kumbe ilikuwa gundi: asidi yake hupenya taratibu hadi kwenye oksidi ya zinki na alumini iliyo juu yake, ikaziba kasoro zinazozima mwanga, na taa hupanda yenyewe siku za mwanzo. Nilipomweleza aliniuliza kwa upole, "Zile za ulinganisho ulizipima lini?" Nilishindwa kumtazama usoni. Muda wake sikuweza kumrudishia.

2. T50 bila mng'ao wa kuanzia usiniletee.

3. PEDOT:PSS, plastiki inayopitisha umeme, ni tindikali, inakunywa unyevu na kula ITO, kipitishi angavu kilicho kwenye kioo. Ikitoka kuokwa, iingie boksi la naitrojeni, chai baadaye.

4. Nukta kwenye oktani, oksidi ya zinki kwenye ethanoli, ili tabaka la juu lisioshe la chini. Mmoja wenu alimimina kloroformu, inayoyeyusha nukta, juu ya nukta. Tulipowasha taa ya UV, kuta za spina, mashine inayozungusha kioo ili kimiminika kitandazike, ziling'aa nyekundu pande zote, kioo chake kitupu. Tulicheka, kisha tukasugua spina pamoja mpaka jioni.

Yule wa EQE 13 leo anatengeneza vioo vinane: vinne na tabaka, vinne bila. Gundi ya chupa moja, saa ileile ya kufunga. Tutavipima vyote leo, kesho, na kila siku hadi Jumatatu.