Pembe ya msingi, fotokopi ya Birere na namba isiyokwisha

Shuleni Goma tunafundishwa hesabu kwa Kifaransa, jioni tunazibishania kwa Kiswahili. Basi humu, nikijibu maswali yenu kutoka mitaa ya Goma, puissance nitaiita kipeo (ile namba ndogo ya juu), na racine carrée nitaiita kipeuo cha pili (alama √: namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inaleta iliyo ndani). Atakayeandika mtihanini atarudi kwenye Kifaransa chake.

Mwalimu, 5⁰ inakuwaje 1 wakati sijazidisha kitu chochote? Mimi ningesema ni 0. (Mwanafunzi, Katindo)

Shuka ngazi polepole. 5³ ni 125, 5² ni 25, 5¹ ni 5. Kila ukishusha kipeo kwa moja, unagawa kwa 5. Sasa gawa tena: 5 kwa 5 ni 1, na hapo ndipo penye 5⁰. Usisimame hapo, shuka tena upate 5⁻¹, ambayo ni 1/5. Umeona? Kipeo hasi hakikuleta jibu hasi. Kosa hilo nalifuta kwenye madaftari kila wiki, kalamu inakwisha. Ila ngazi hii usiishuke na 0, kwa sababu ingekubidi ugawe kwa 0.

Mwanangu ameandika √(9 + 16) = 3 + 4 = 7. Amewekewa alama nyekundu bila maelezo. Mimi ni fundi mwashi, hesabu niliziacha zamani. Kosa liko wapi? (Baba wa watoto wanne, Ndosho)

Baba, hesabu hujaziacha, unazo kwenye kamba. Ukianza msingi unapima mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, kisha unapima kutoka kigingi hadi kigingi. Ikitoka mita 5, pembe imekaa sawa na unachimba. 3 kwa 3 ni 9, 4 kwa 4 ni 16: hiyo 5 ndiyo √(9 + 16), yaani √25.

Na je, ingetoka 7? Fikiria mwenyewe: 3 na 4 zikifika 7, kuta zako mbili zimelala kwenye mstari mmoja na kona imepotea. Mwite kijana, mlaze kamba chini pamoja, hatasahau tena. Kipeuo hakigawanyiki juu ya kujumlisha. Juu ya kuzidisha ndiyo: √(9 × 16) ni 3 × 4, yaani 12. Nadhani ndiko alikochanganya.

Nimeandika −3² kwenye mashine ya hesabu, imenipa −9. Rafiki yangu anasema ni 9. (Himbi)

Mashine imesema kweli. Kipeo kimeshika 3 peke yake, alama ya kutoa iko nje mlangoni. Rafiki yako alitaka (−3)².

Nafanya kazi ya fotokopi Birere. Mashine yangu ina kitufe cha 141% na cha 71%. Mwanafunzi mmoja amesema hiyo ni √2. Kwa nini wasiweke 200 na 50 tukaelewana? (Dada wa fotokopi)

Dada, huyo mwanafunzi mpunguzie bei. Chukua A4, ikunje katikati: umepata A5, ndogo kwa nusu lakini umbo ni lilelile. Karatasi yenye tabia hiyo lazima upande mrefu uwe √2 mara upande mfupi, hakuna uwiano mwingine unaofaa. Pima kwa rula: A4 ni milimita 297 kwa 210. Gawa, utapata 1,41428. √2 yenyewe inaanza 1,41421. Tofauti hiyo ni ya kiwanda, kinachokata kwa milimita kamili.

A3 ni A4 mbili, lakini mashine inavuta urefu na upana kwa pamoja. Ukibonyeza 200% utapata eneo mara nne. Ili eneo liwe mara mbili, kila upande unazidishwa kwa √2: ndiyo 141%. Kurudi A4, unagawa kwa √2: ndiyo 71%.

Lakini Mwalimu, kwangu √2 inatoka 1,414213562 na inasimama. Mbona tunaambiwa haina mwisho? (Kyeshero)

Kilichokwisha ni kioo cha mashine. Zidisha 1,414213562 kwa yenyewe, kwa mkono, na uangalie tarakimu ya mwisho tu: 2 kwa 2 ni 4. Jibu linaishia na 4 huko mbali nyuma ya mkato, kwa hiyo si 2 kamili; ni 1,99999999894 na kitu. Jaribu tarakimu nyingine mwishoni, kuanzia 1 hadi 9: hakuna hata moja ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inaishia na 0.

Utasema: 1/3 nayo haina mwisho, lakini ni sehemu. Sawa, tafuta sehemu. 99/70 inakaribia kabisa: ukiizidisha kwa yenyewe unapata 9801/4900. Juu ingekuwa 9800, tungepata 2 kamili na kufunga daftari. Imezidi moja! Na siku zote kitu kitazidi au kitapungua. Sehemu ambayo haifupishiki tena, ukiizidisha kwa yenyewe, juu na chini hazipati kigawo kipya cha pamoja. Namba ya chini haiondoki, basi 2 haifiki. Ndiyo maana √2 haiandikiki kwa sehemu. π, ile namba ya duara, vilevile: 22/7 ni jirani yake tu, usiwawekee alama ya sawa.

2 kwa kipeo √2 maana yake nini? Nitazidishaje mara "moja na kitu"? (Majengo)

Izingire. Kipeo 1,4 kinaleta kama 2,639. Kipeo 1,41 kinaleta 2,657. Kipeo 1,414 kinaleta 2,6647. Majibu yanabanana kuelekea 2,6651 hivi, na namba hiyo wanayoikaribia ndiyo tunayoiita 2 kwa kipeo √2.

Sasa wewe nijibu: √2 kwa kipeo √2, yote kwa kipeo √2 tena, ni ngapi? Mashine iweke mfukoni. Zidisha vipeo kwanza.