Rudi na Majibu Kabla Hujachapisha Ripoti

Mara ya kwanza nilipoingia kwenye jamii nikiwa na dodoso mkononi, nilikuwa na haraka. Tulipewa majuma matatu, kurasa kumi na nne za maswali na orodha ya kaya zilizochaguliwa kwa bahati nasibu. Tuliuliza maji yako umbali gani, watoto wangapi wanasoma, mgonjwa akizidiwa usiku anapelekwa wapi. Watu walitukaribisha, wakatupa viti, wakajibu kwa subira. Tukashukuru, tukaondoka. Ripoti iliandikwa kwa lugha ambayo wengi wao hawaisomi, ikapelekwa maktaba, na mimi nikapata shahada yangu.

Miaka minne baadaye nilirudi eneo lile lile na mradi mwingine. Mama mmoja akanitambua. Hakunikaripia. Aliniuliza tu, "Mwanangu, yale mliyotuuliza, mliona nini?"

Majibu nilikuwa nayo kwenye kompyuta, majedwali tele, na hakuna hata moja lililowahi kumfikia. Haya ninayoyaandika yametokana na swali lile. Nawaandikia wanafunzi na wahadhiri wanaotafiti tofauti za maisha kati ya eneo na eneo, na vilevile wanajamii wanaobishiwa hodi na watafiti kila mwaka.

Anza kwa kukubali kwamba swali ulilokuja nalo huenda si lenyewe. Katika mradi ule wa pili tulikuwa tumeandaa swali la kwa nini wasichana wa pembezoni mwa kanda yetu huacha shule. Tulipoketi na wazazi kabla ya kuanza, mzee mmoja alisema, "Msiulize kwa nini wanaacha. Ulizeni wanafika nyumbani saa ngapi." Tukabadilisha nusu ya dodoso. Ikaonekana kwamba ratiba ya usafiri ilipangwa kwa wafanyakazi wa mjini, na msichana anayetoka darasani jioni alikuwa anatembea gizani. Lile swali letu la awali lingetuletea kurasa nyingi kuhusu mitazamo ya wazazi na lisingegusa suala la mabasi hata kidogo.

Njia hii ina jina, utafiti shirikishi, na Afrika Mashariki ina sehemu kubwa katika historia yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Marja-Liisa Swantz kutoka Finland alifanya kazi na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa mtindo ambao wanavijiji walikuwa washirika katika kutafuta maarifa, si watu wa kuchunguzwa tu. Upande wa pili wa dunia, huko Kolombia, Orlando Fals Borda alikuwa anapita njia inayofanana nayo, na mwaka 1977 watafiti wa mwelekeo huo walikutana katika mji wa Cartagena. Nayataja haya kwa sababu nimewasikia wahadhiri wakiuita utafiti wa aina hii kazi nyepesi. Una nusu karne ya mabishano makali ya kitaaluma nyuma yake.

Sasa nije kwenye wastani, maana hapa ndipo nimeona dhuluma nyingi zikijificha bila mtu yeyote kukusudia. Kanda nzima inaweza kuonekana inaendelea vizuri huku vitongoji viwili vikizama. Ukijumlisha walioshiba na wenye njaa ukagawa, utapata watu walioshiba kiasi, na watu hao hawapo popote. Lakini zaidi ya wastani, angalia mipaka unayoitumia kukusanyia takwimu. Mipaka ya posta, ya uchaguzi na ya huduma za maji mara nyingi hailingani.

Mji wa Flint, jimbo la Michigan nchini Marekani, ni funzo ninalolirudia kila ninapofundisha. Aprili 2014 mji ule ulibadilisha chanzo cha maji ukaanza kutumia ya mto wake. Maji yakala mabomba, madini ya risasi, ambayo ni sumu, yakaingia majumbani. Wakazi walilalamika juu ya rangi, harufu na vipele vya watoto, wakaambiwa maji ni salama. Mwaka 2015 wakazi wenyewe wakishirikiana na watafiti wa chuo kikuu cha Virginia Tech waligawa vifaa 300 vya kuchukulia sampuli, na zaidi ya 250 vikarudi vikiwa na maji ya mabomba yao. Kwa upande wa afya, takwimu za jimbo zilipangwa kwa maeneo ya posta, na maeneo hayo yalichanganya nyumba zinazopata maji ya mji na nyumba za nje zisizoyapata. Madhara yakafifia kwenye hesabu. Daktari wa watoto Mona Hanna-Attisha na wenzake walipotenga watoto wa ndani ya mji peke yao, waliona kwamba idadi ya walio chini ya miaka 5 wenye risasi nyingi katika damu ilikuwa imepanda kutoka asilimia 2.4 hadi 4.9. Oktoba mwaka huo mji ukarudi kwenye chanzo cha zamani.

Kwa hiyo kabla ya kuchora jedwali lolote, muulize mkazi: mpaka huu unaufahamu? Nani yuko ndani yake ambaye hapati huduma hii? Sisi tuliwahi kuandika kwamba zahanati iko kilomita nne kutoka kitongoji fulani. Ramani ilisema hivyo. Wakazi wakatuonyesha mto ulio katikati, wakasema msimu wa mvua safari hiyo huchukua nusu siku. Tangu hapo tunapima muda wa safari, na tunaupima katika misimu miwili.

Suala la nani anamiliki takwimu halina mjadala kwangu: ni za watu waliozitoa. Watu wa kabila la Havasupai, wenyeji wa asili wa jimbo la Arizona nchini Marekani, walitoa damu zao kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, kuanzia mwaka 1990, wakijua ni kwa ajili ya kisukari kilichokuwa kinawatesa. Baadaye wakagundua kwamba damu ile ilitumika pia kutafiti maradhi ya akili na asili ya uhamaji wao, mambo ambayo hawakuwa wameelezwa. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2010 chuo kiliafiki kulipa dola 700,000 na kuwarudishia sampuli zao. Mwaka 2017 Wasan, jamii ya wenyeji wa asili wa Afrika Kusini, waliandika kanuni zao wenyewe za kuwaongoza watafiti, zikidai heshima, ukweli, haki na kujali. Ukikaa na jamii, andikeni makubaliano kwa lugha yao: takwimu zitatunzwa wapi, zitatumika kwa lipi, nani ataombwa ruhusa zikitakiwa kwa jambo jingine. Kidole gumba kwenye fomu ya ridhaa ambayo mtu hakusomewa si ridhaa.

Halafu walipe. Ikiwa vijana wa mtaa wanakusanya takwimu nawe, hao ni watafiti, na posho yao iingie kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, pamoja na majina yao kwenye ripoti kama wanataka. Sitaki kulirefusha hili.

Mrejesho ndio sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayokatwa kwanza fedha zinapopungua. Tenga fungu lake mapema, kabla hata ya mafuta ya gari. Rudi na matokeo yakiwa bado rasimu, ili yaweze kusahihishwa. Usije na slaidi arobaini. Njoo na ramani kubwa ya karatasi na namba sita au saba, iwe saa ambayo akina mama wanaweza kufika, na usiwaachie viongozi pekee viti vya mbele. Katika kikao kimoja tuliweka alama kwenye visima kumi na moja vinavyofanya kazi. Wakazi walipoipitia ramani, vilivyobaki vilikuwa saba. Vinne vilikuwa vimeharibika zamani lakini bado vilihesabika kwenye orodha ya ofisi, na sisi tulikuwa tumeinakili orodha ile bila kwenda kuangalia. Bila kikao kile tungechapisha uongo wenye nembo ya chuo.

Namba zikishasahihishwa, zipelekeni mahali panapoamuliwa fedha, na mwende mapema. Nimeona ripoti nzuri ikifika mwezi mmoja baada ya bajeti kupitishwa, ikapokelewa kwa shukrani na kuwekwa kabatini kwa mwaka mzima. Tafuta kalenda ya bajeti kabla ya kupanga kalenda ya utafiti. Na anayesimama kuzungumza awe mkazi, mtafiti akae pembeni kujibu maswali ya kitaalamu. Mtoa uamuzi anaweza kupingana na mbinu zako za sampuli. Ni vigumu zaidi kumwambia mtu kwamba hakutembea gizani.

Kwenu wanajamii: mna haki ya kuuliza kabla ya kujibu. Nani amewatuma, nani analipia, watarudi lini, waliokuja kabla yao waliona nini. Na mna haki ya kukataa. Sisi tuliwahi kukataliwa. Kamati ya eneo moja ilitueleza kwa upole kwamba timu tatu zimeshapita na hakuna iliyorejea, hivyo wamechoka. Mwenzangu alitaka tuhamie eneo jingine. Badala yake tulitumia miezi miwili kuzitafuta ripoti za zile timu tatu kwenye maktaba na kwa wenzetu. Tulipata mbili, tukazifasiri kwa kifupi, tukarudi nazo bila dodoso. Walitutaka tuwasomee ukurasa kwa ukurasa mpaka jua likazama, wakabishana wenyewe kwa wenyewe juu ya namba za shule, kisha mwenyekiti wa kamati akatuuliza sisi tulikuwa tunataka kujua nini.