Usinunue mtambo kwanza

Ndugu yangu, umesema una nusu ekari, umenunua mbegu za peremende, unataka kukeneka mafuta, yaani kuyatoa kwa mvuke, uuze, na mengine umpake mwanao mchanga mwenye mafua.

Mbegu ziache. Peremende ni mmea chotara usiozaa mbegu za kutegemewa. Hupandwa kwa vipande vya mashina yatambaayo. Nami niliuziwa mbegu, nikapoteza msimu mzima. Vuna maua yanapoanza kuchanua, nyausha majani kidogo, pitisha mvuke. Mvuke ukipoa huwa maji, na mafuta huelea juu yake. Kilo 100 mbichi mara nyingi hazitoi hata kilo moja, kwa hiyo tafuta mnunuzi kabla ya kununua mtambo wa kukenekea. Atataka kipimo cha maabara cha mentoli, kiini chenye ubaridi kilichomo katika mafuta hayo.

Mtoto usimpake kabisa! Mentoli yaweza kumbana pumzi. Akihema kwa shida, mkimbize hospitali.