Niliandika "Mfanyabiashara"

Wiki hii mmeuliza: ni filamu gani ya kihistoria iliyokufunza kuhusu elimu jambo ambalo darasani hukulipata, na ni onyesho lipi hasa? Jibu langu ni Sarafina!, na sina shaka nusu ya wasomaji wenu wa Nairobi watajibu hivyo hivyo. Watataja nyimbo. Watataja risasi. Mimi nataja nyumba ya Wazungu ambamo mamake Sarafina ni mtumishi.

Mara ya kwanza niliitazama nikiwa darasa la saba, hapa Kangemi, tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika. Tulipangwa kwenye ukumbi wa kanisa, televisheni moja juu ya meza mbili zilizopandishwa, kanda ya video ya kukodi iliyokwama mara tatu. Waliokaa nyuma hawakuona kitu ila waliimba kuliko sisi. Wiki nzima tuliimba kwenye foleni ya mfereji tukirusha miguu kama wanafunzi wa Soweto, kule Afrika Kusini. Hicho ndicho tulichoondoka nacho: miguu.

Mwaka uo huo tulipewa fomu ya kujaza. Jina, tarehe ya kuzaliwa, kazi ya mzazi. Mama yangu alikuwa mama fua. Kila alfajiri alivuka Waiyaki Way kwenda Loresho, mtaa wa matajiri, na jioni alirudi mikono imekunjamana, inanuka dawa ya kung'arisha nguo hata baada ya kusonga ugali. Kwenye fomu niliandika "mfanyabiashara". Mwalimu alipita, akasoma, akaweka alama ya vema.

Kwa wasioijua filamu yenyewe: ilitoka mwaka 1992, imeongozwa na Darrell Roodt, nayo ilizaliwa na tamthilia ya muziki ya Mbongeni Ngema iliyopanda jukwaani mwaka 1987. Leleti Khumalo alikuwa Sarafina jukwaani, akabaki Sarafina kwenye filamu. Whoopi Goldberg ni Mary Masombuka, mwalimu wa historia. Kiini chake ni tarehe ile ile ya ukumbi wetu wa kanisa, 16 Juni, lakini mwaka 1976, siku ambayo maelfu ya wanafunzi wa Soweto waliandamana na polisi wakawafyatulia risasi. Hector Pieterson, aliyeuawa siku hiyo, alikuwa na umri wa miaka 12.

Kilichowatoa madarasani ni amri. Serikali ilitaka masomo kama hisabati yafundishwe kwa Kiafrikana, lugha ya Makaburu, lugha ya polisi na ya msimamizi wa kazi. Lakini amri hiyo ilikuwa tone la mwisho tu. Sheria ya Elimu ya Kibantu ilikuwa imepitishwa tangu 1953, na Verwoerd, waziri aliyeisukuma, hakuficha nia: aliuliza bungeni kuna faida gani kumfundisha mtoto Mwafrika hisabati. Ilipofika 1976 serikali ilikuwa ikitumia randi 644 kwa mwaka kwa mwanafunzi mmoja Mzungu, na randi 42 kwa mwanafunzi Mwafrika. Gawanya mwenyewe.

Haya yote filamu inayapitia mbio, na hilo ni kosa lake kubwa. Ugomvi wa lugha, ambao ndio uliowatoa watoto barabarani, karibu unamezwa na ngoma. Kila mtu anazungumza Kiingereza kitamu, mtazamaji wa Kangemi anaelewa kila neno, na kwa hiyo hasikii uzito wa kulazimishwa kupiga hesabu kwa ulimi wa anayekupiga. Tena tamthilia iliyoizaa iliandikwa wakati wa hali ya hatari ya miaka ya 80, na harufu ya miaka hiyo imebaki humo, hivi kwamba mwanafunzi akiifuata kama kitabu cha historia atachanganya 1976 na 1986.

(Jambo moja la pembeni. Vijana wa Soweto hawakuandamana kudai Kizulu kwenye hisabati. Kiingereza, ambacho nacho kilikuja na meli, hawakukipiga vita. Sisi huku, miaka zaidi ya thelathini baada ya uhuru, tulivishwa monto, kile kibao cha adhabu, shingoni kwa kuteleza na kusema lugha ya mama uwanjani, na aliyetuvisha alikuwa Mwafrika mwenzetu. Sijui ningemweleza vipi mtoto wa Soweto.)

Pale filamu inapopatia, inapatia kwenye darasa la Mary. Anaweka kando silabasi iliyoidhinishwa na kuanza kuwauliza wanafunzi kuhusu watu: watu wa kawaida walifanya nini, walikuwa wapi, kwa nini hawamo kitabuni. Hana bango wala jiwe. Ana chaki. Na kwa chaki hiyo anakamatwa, na habari za kifo chake zinarudi kutoka mikononi mwa polisi. Nimefundisha kidogo, miaka miwili ya kibarua katika shule ya mtaani kabla ya kupata kazi nyingine, na najua jinsi mwalimu anavyoogopa mkaguzi akiingia huku ubao unasema kitu kisichomo kwenye azimio la kazi. Mary haogopi. Au anaogopa na anaendelea, na Goldberg anaonyesha vyote viwili kwa macho tu.

Darasa hilo lingetufaa sana, maana Nairobi nayo ilipangwa kwa rangi. Nairobi School ilifunguliwa mwaka 1931 kwa wavulana wa Kizungu, kwa jina la Prince of Wales. Lenana ilikuwa Duke of York. Jamhuri, pale Ngara, ilikuwa Duke of Gloucester ya Wahindi. Mvulana Mwafrika aliyetaka sekondari aliitazamia Alliance kule Kikuyu, iliyoanza 1926, kama nafasi ilipatikana. Wazazi waliochoka kusubiri walijenga shule zao huru, wakajenga na chuo cha walimu Githunguri mwaka 1939, na hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952 serikali ya kikoloni ikakifunga. Tulikariri majina mapya ya shule hizi tukitafuta za kuchagua kwenye fomu za mtihani. Hakuna aliyetuuliza majina ya zamani.

Lakini nilisema nyumba ya Wazungu.

Mamake Sarafina anachezwa na Miriam Makeba. Kabla ya yote, fikirieni ni nani aliyepewa sehemu hiyo. Mwanamke ambaye serikali ya makaburu ilimfutia pasipoti mwaka 1960 alipotaka kurudi nyumbani kumzika mama yake, akakaa uhamishoni miaka thelathini, akaimba dunia nzima, na Waswahili tunamdai kuwa wetu kwa jinsi alivyoimba kwa lugha yetu. Amerudi tu nyumbani, na filamu inampa aproni. Haina hata haja ya kumpa maneno mengi.

Sarafina anamwonea haya mama yake. Huyo ni shujaa wa shule, msichana anayeongea na picha ya Mandela ukutani kama anayeongea na baba, na hapo hapo anamwona mama kuwa mnyonge kwa sababu anawainamia matajiri wake Wazungu. Nilipoliona onyesho hilo kwenye ukumbi wa kanisa nilimkubalia kabisa. Nilifikiri: kweli, kwa nini hasimami?

Baadaye Sarafina anashikwa, anateswa, anatoka korokoroni. Na anakokwenda ni kwa mama, kule kule kazini. Anamwambia, kwa maneno yangu si yake, kwamba sasa anaelewa: kumlisha mtu na kumsomesha katika nchi isiyotaka asome, hiyo nayo ilikuwa vita. Mary alikuwa amemfundisha kuwatafuta watu wa kawaida kwenye historia, na ilimbidi apite gerezani ndipo amwone aliyekuwa karibu naye kuliko wote. Ngema aliandika pia polisi Mwafrika anayechomwa moto na wanafunzi, tena akamcheza mwenyewe. Kuna mengi ya kusema kuhusu hilo, lakini kwangu mimi ujasiri mkubwa wa hadithi yake uko hapa, kumwambia kijana mwanamapinduzi kwamba dharau yake kwa mama aliisomea kwa mtesi wake.

Nililielewa hilo nikiwa na miaka ishirini na tisa, nikiitazama kwenye simu ndani ya matatu iliyokwama Westlands. Nililia, na kondakta akaniuliza kama nimeibiwa.

Desemba iliyopita niliileta filamu nyumbani kwenye kompyuta, nikamkalisha mama. Hajawahi kuiona. Alitazama bila kusema neno, miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Makeba alipotokea, alisogea.

"Huyo si mama fua," akasema. "Tazama mikono yake. Huyo ni mwimbaji."

"Ni mwimbaji, mama."

"Unaona." Akanyamaza tena mpaka lile onyesho la mwisho la mama na binti lilipopita. Kisha akauliza, "Anaitwaje?"

"Sarafina."

"Huyo nimesikia, mnamwita tangu saa ile. Mama yake."

Filamu hii nimeitazama mara sita au saba, na sikuwa na jibu. Tulikaa wote wawili, maji ya beseni yakapoa, tukangoja majina yapande mpaka tukamwona: Angelina.