Mapipa ya taka yaliyochakaa: msiyauze yote kwa kilo

Ndugu, umeuliza mfanye nini na mapipa ya taka ya mtaani yaliyochakaa, ya bati na ya plastiki, na kama muuze yote kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Kwanza mwoneni mtendaji wa mtaa. Kama ni mali ya halmashauri, pateni kibali cha maandishi kabla ya kuyagusa, la sivyo mtaitwa wezi kwa kazi njema.

La bati lililooza kitako tu bado ni zima. Fundi wa kuchomelea akate sehemu iliyooza, aweke kitako kipya chenye matundu ya kutoa maji, kisha mliinue juu ya miguu lisigusane na ardhi. Maji yakituama ndani ndiyo yanayoozesha bati. Likiwa na mng'aro wa zinki, kwanza akwangue zinki hiyo mahali pa kuchomelea, na afanyie kazi nje penye upepo. Moshi wake huleta homa.

Ya plastiki tazameni chini: yenye alama ya pembetatu na namba 2 hununuliwa na wasagaji wa plastiki. Yaliyopasuka yatobolewe chini, yawe ya kuozeshea maganda na majani kwa mbolea ya bustani ya shule.

Ila nakusihi sana: hata yakioshwa kwa sabuni na dawa, yasihifadhi maji ya kunywa wala nafaka. Hujui yalitupiwa nini, pengine betri au makopo ya dawa za wadudu. Mama lishe wa jirani waambieni hilo mapema.