Maswali ya Wasomaji: Mifumo Endeshi Mitatu Ndani ya Kompyuta Moja Kongwe

SWALI: Ndugu Mhariri, nimepewa kompyuta ya mezani iliyokuwa ikitumika katika ofisi ya ushirika wa kahawa huko Mbozi. Ina prosesa ya Pentium III ya MHz 500, RAM ya MB 64 na diski kuu ya GB 8, na bado imo programu ya hesabu za wakulima inayofanya kazi kwenye DOS, mfumo wa kale unaoendeshwa kwa amri za kuandika. Ningependa kuibakiza programu hiyo, niweke Windows 98 kwa ajili ya sidii za kufundishia nilizonazo, kisha niongeze mfumo wa baadaye kidogo utakaosoma flashi. Fundi wa Mwanjelwa ameniambia ninunue diski ya GB 160 na RAM ya GB 1 ili nisirudi tena dukani. Je, nimsikilize?
Msomaji, Uyole, Mbeya

JIBU: Ndugu msomaji, ushauri huo ungefaa kama ungekuwa na mfumo mmoja tu, tena ule mpya kuliko yote. Mashine inapobeba mifumo kadhaa, kipimo cha vifaa vya kununua ni mfumo mkongwe zaidi pamoja na bodi mama yenyewe. Kinachozidi uwezo wa viwili hivyo mara nyingi huleta hasara.

Tuanze na diski. Windows 98 huifikia diski kwa anwani za biti 28, ambazo zinaishia kwenye GB 137. Kizigeu, yaani sehemu ya diski iliyotengwa kama diski ndogo, kikivuka mpaka huo, mfumo hautoi onyo lolote: data inayopaswa kwenda mbali huandikwa mwanzoni mwa diski, juu ya ile iliyokuwapo, nawe utagundua siku mafaili yatakapokataa kufunguka. Zaidi ya hayo, bodi nyingi zilizotengenezwa kabla ya katikati ya mwaka 1999 zina bayosi, programu ndogo ya kwenye bodi inayoamsha kompyuta, inayoganda inapokutana na diski inayozidi GB 32, hata usiweze kufika kwenye hatua ya kuweka mfumo wowote. Kwa hiyo tafuta diski ya IDE, yaani ya kiunganishi cha zamani, ya GB 20 hivi, au kadi ya kumbukumbu ya CompactFlash ya GB 16 na adapta yake, kwa kuwa kadi hizo huzungumza lugha ile ile ya umeme na IDE na hazina sehemu inayozunguka. Ukichagua kadi, hakikisha ni ya aina inayojitambulisha kama diski isiyohamishika. Vinginevyo Windows ya baadaye itakataa kuona zaidi ya kizigeu kimoja.

Kwa upande wa RAM, MB 256 zinakutosha kabisa. Ikizidi MB 512, Windows 98 huweza kukuletea ujumbe kwamba kumbukumbu haitoshi, ilhali tatizo ni kwamba imekuwa nyingi mno, kwa sababu hifadhi ya muda ya mafaili hujitwalia anwani zote zilizopo. Kasoro hiyo hurekebishwa kwa kuandika kikomo cha hifadhi hiyo katika faili la system.ini, lakini sioni sababu ya kununua tatizo ili baadaye ulitafutie dawa. Kama bodi yako ni ya familia ya Intel 440BX (jina la chipu zinazoongoza bodi), iliyoenea sana katika mashine za wakati huo, angalia pia idadi ya chipu: kipande cha MB 256 chenye chipu nane tu mara nyingi husomeka kama MB 128, hivyo chukua chenye chipu kumi na sita, nane kila upande.

Sasa mifumo. Windows 98 ina DOS yake ndani, kwa hiyo huenda usihitaji DOS ya peke yake. Bonyeza F8 mashine inapowaka, chagua kuingia kwenye mstari wa amri pekee, kisha ujaribu programu ya ushirika hapo. Ikikubali, umebakiwa na mifumo miwili ya kuweka badala ya mitatu. Kwa huo wa pili, ningechagua Windows 2000 kuliko XP, kwa kuwa ni nyepesi zaidi kwa prosesa ya MHz 500 na inasoma flashi bila kuhitaji draiva ya nyongeza.

Weka mfumo mkongwe kwanza. Windows 98 ikiwekwa mwisho hufuta njia ya kuwashia ya mwenzake, lakini Windows 2000 ikimkuta mkubwa wake ndani, humhifadhia nafasi na kukutengenezea orodha ya kuchagua kila unapowasha. Gawa diski katika vizigeu vitatu, kimoja kwa kila mfumo na cha tatu kwa nyaraka, vyote vikiwa na mpangilio wa mafaili wa FAT32, maana Windows 98 yenyewe haisomi mpangilio mwingine wa NTFS.

Kabla ya hayo yote, toa diski ya zamani na kunakili yaliyomo kwenye kompyuta nyingine. Badilisha betri ya CR2032 iliyo kwenye bodi, na umwombe fundi akague kapasita za pawasaplai. Zilizovimba zibadilishwe, hasa kwa namna umeme wetu unavyokatika na kurudi kwa kishindo. Miezi ya Juni na Julai, mashine iliyolala kwenye stoo ya baridi iache chumbani saa kadhaa kabla ya kuiwasha, ili unyevu ukauke. Usiiunganishe na intaneti: matengenezo ya usalama ya Windows 98 yalikoma mwaka 2006, na ya Windows 2000 mwaka 2010.

SWALI: Sisi tuna programu ya DOS kama hiyo, ila kompyuta yenyewe imechoka. Je, hatuwezi kuiendesha ndani ya laptopu mpya?
Mhasibu, Kihesa, Iringa

JIBU: Inawezekana, lakini si kwa kila programu. DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya DOS, iliandaliwa hasa kwa ajili ya michezo, kwa hiyo ijaribu kwa nakala ya data, si kwa data yenyewe. VirtualBox, inayounda kompyuta ya kuigiza ndani ya laptopu, huendesha Windows 2000 vizuri, ingawa Windows 98 ndani yake huonekana kwa rangi chache na kujikokota. Ugumu mkubwa uko kwenye printa ya kugonga na kifaa cha leseni, kile cha kuthibitisha kuwa programu ni yenu, kinachochomekwa nyuma ya kompyuta, kwa sababu laptopu za sasa hazina tundu lake. Kama programu yenu inadai kifaa hicho, itunzeni mashine ya zamani. Kama haidai, endesheni mashine zote mbili kwa msimu mmoja, mlinganishe jumla za kila mwezi, ndipo ile ya zamani izimwe.