Mshono wa nyonga unatoa majimaji

SWALI: Shikamoo daktari. Mume wangu alianguka mkarafuuni akavunjika nyonga, akapasuliwa na kutiwa vyuma. Wiki ya tatu hii mshono unatoa majimaji, na usiku ana homa. Jirani kaniambia ninunue dawa dukani. Nifanyeje?
Mama wa Wete, Pemba

JIBU: Marahaba mwanangu. Dukani usiende. Mrudishe leo kwa waliompasua. Majimaji na homa kwa pamoja tunayahesabu kuwa maambukizi mpaka vipimo viseme vingine. Vijidudu hujigandisha kwenye chuma na kujifunika utando ambao dawa haipenyi vizuri. Vidonge vya kubahatisha vinaweza kushusha homa huku usaha umebaki ndani, tena vikaficha kijidudu maabara wasikione. Mara nyingi kidonda husafishwa upya thieta, na vyuma huachwa ikiwa bado vimeshika mfupa ambao haujaunga.

Waambie kama ana kisukari, anavuta sigara, au kibofu kiliumia alipoanguka. Hilo la kibofu husahaulika sana, na mkojo ukivuja unaweza kufika kwenye mfupa. Mshono ufunike kwa kitambaa safi, kikavu. Usipake asali wala mafuta ya karafuu, nakuomba. Akitetemeka, akipumua mbio au akianza kuweweseka, msingoje gari la asubuhi.